Mali na Hatari Katika Chuma Chakavu

Sufuria iliyotoboka, waya uliokatika na betri ya gari iliyokufa huitwa takataka. Lakini mnunuzi wa chuma chakavu anavipima kwa kilo na kuvilipia. Kwa nini?

Jibu ni kwamba madini hayaishi kwa kutumika. Chukua alumini ya sufuria. Mara ya kwanza hutolewa katika mawe yaitwayo boksaiti, kwa umeme mwingi sana. Ikishakuwa alumini, huyeyuka kwa nyuzi joto 660 tu na kumiminwa upya. Kuiyeyusha iliyochakaa hutumia takriban asilimia 5 ya nishati ya kutengeneza mpya. Shaba na chuma navyo huyeyushwa tena na tena. Mtindo huu wa kurudisha kilichotumika kiwandani badala ya kukitupa huitwa uchumi wa mzunguko.

Hapa Nyamwage tuko kando ya barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 magari huvuka Rufiji bila kungoja kivuko. Mzigo wa chakavu unaweza kufika mjini kwa urahisi. Kwa hiyo ni vyema tujue yafuatayo:

Kwanza, usichome waya ili upate shaba. Moshi wa plastiki yake ni sumu. Menya kwa kisu.

Pili, usivunje betri ya gari. Ndani yake mna asidi inayounguza na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo, hasa wa mtoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fedha hizo haziondoi madhara yaliyokwisha kuingia mwilini. Betri iuzwe nzima.

Tatu, usiuze kisicho chako. Kibao cha barabarani na chuma cha daraja si chakavu. Anayeving'oa anaiba, na dereva wa usiku anaweza kupoteza maisha.

Basi kabla ya kutupa au kuuza, jiulize mambo matatu: kimetengenezwa kwa nini, kina sumu gani, na ni cha nani?