Keki ya Malkia Victoria: Siri Yake ni Mizani

Mayai manne, siagi nusu ratili na sukari kadiri hiyo hiyo ni mali katika nyumba yo yote. Kwa hiyo mtu aokaye keki na kuiona imedidimia katikati hupata huzuni ya haki, maana amepoteza vitu vya thamani pamoja na kuni zake. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za keki moja ya Kiingereza iitwayo kwa jina la Malkia Victoria. Hatutataja kanuni tu, bali na sababu zake, kwa kuwa ajuaye sababu hakosei mara mbili.

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 hata 1901. Katika siku zake desturi ya kunywa chai saa kumi alasiri, pamoja na mikate myembamba na keki, ilienea sana. Yasemekana kwamba Anna, mke wa Mtawala wa Bedford, ndiye aliyeianzisha yapata 1840, kwa sababu chakula cha usiku kilichelewa mno na njaa ikamsumbua.

Mnamo 1861 Bibi Isabella Beeton alitoa kitabu kikubwa cha mambo ya nyumbani, na ndani yake aliandika jinsi ya kuoka keki hii. Kanuni yake ilikuwa fupi: twaa mayai manne, kisha pima sukari, siagi na unga, kila kimoja uzito sawa na wa mayai hayo. Kanuni hiyo haikutaja unga wa kuumulia, yaani bekingi pauda, ingawa Bwana Alfred Bird wa Birmingham alikuwa ameutengeneza tangu 1843, kwa ajili ya mke wake asiyeweza kula hamira. Baadaye waokaji waliutia, na keki ikawa nyepesi zaidi.

Basi fanya hivi. Weka mayai manne makubwa pamoja na maganda yake katika mizani. Yatakaribia nusu ratili, yaani gramu 225. Pima siagi laini, sukari laini na unga wa ngano uliochungwa, kila kimoja kadiri hiyo. Changanya unga na vijiko vidogo viwili vya bekingi pauda, visivyojaa kilele. Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe na nyepesi. Usichoke upesi, maana kazi hiyo ndiyo iingizayo hewa. Tia mayai yaliyopigwa, kidogo kidogo. Ukiyamimina yote pamoja, siagi itakatika na hewa itatoka. Mwisho tia unga, ukichota kutoka chini na kugeuza juu kwa upole. Ukikoroga kwa nguvu, keki itakuwa ngumu.

Gawanya sawasawa katika vyombo viwili vya bati vyenye upana wa inchi nane, vilivyopakwa siagi. Oka katika tanuri ya moto wa wastani, digrii 180 za sentigredi, kwa dakika 25 hivi. Usifungue mlango kabla ya dakika 20 kupita, kwani mayai na unga havijashikana bado. Baridi ikiingia, hewa iliyomo hunywea, na keki huanguka.

Wakaao nyanda za juu, kama Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, wapunguze bekingi pauda iwe kijiko kimoja na nusu. Huko hewa ni nyepesi, na keki huumuka upesi mno kisha hudidimia. Kanuni iliyofaulu Mombasa yaweza kumwaibisha mpishi wa Limuru, ingawa hakukosa neno.

Keki zikipoa, paka moja jamu, weka ya pili juu yake, nyunyiza sukari, basi. Katika mashindano ya vyama vya wanawake wa vijijini huko Uingereza, jamu ni ya rasiberi, na krimu haikubaliwi. Keki haina pambo la kuficha kosa. Mwamuzi akiikata huona kazi yote.

Mtu asidhani kwamba Waingereza waliila sikuzote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, na miaka kadha baadaye, vyakula viligawiwa kwa vipimo, na kwa kawaida mtu mzima alipata yai moja tu kwa juma. Mayai ya keki moja yalikuwa haki ya watu wanne. Kipimo cha mayai na cha sukari kiliondolewa 1953, na cha siagi 1954. Ndipo mama wa nyumba alipoweza tena kuweka mayai manne katika mizani bila kumnyima mtu chakula chake.