Fahamu Povu la Chembechembe Linavyozima Moto wa Mafuta

Moto wa petroli hauzimwi kwa maji matupu. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Maji yakimwagwa huzama, na mafuta huendelea kuelea yakiwaka na kusambaa. Ndiyo maana vikosi vya zimamoto hutumia povu, ambalo huelea juu ya mafuta, huzuia oksijeni na kufunika mvuke unaowaka.

Kwa miongo kadhaa, povu lililotegemewa katika viwanja vya ndege na maghala ya mafuta lilikuwa na kemikali za florini zijulikanazo kama PFAS. Povu hilo hutandaa upesi, lakini kemikali zake haziozi kwa urahisi na huweza kupenya ardhini hadi kwenye maji ya visima. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umeorodhesha baadhi ya kemikali hizo ili zidhibitiwe, zikiwemo PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022.

Miongoni mwa njia mbadala zinazofanyiwa utafiti ni povu linaloimarishwa kwa chembechembe. Katika povu la kawaida, kuta za viputo hushikiliwa na molekuli za sabuni, ambazo huingia na kutoka kwa urahisi. Maji huchuruzika, kuta huwa nyembamba na viputo hupasuka. Joto la moto huharakisha hali hiyo. Chembechembe ndogo mno za silika, madini yapatikanayo pia katika mchanga, zikiandaliwa vyema hunasa kwenye kuta hizo na ni vigumu kung'oka. Hujenga ganda linalochelewesha maji kuchuruzika, hivyo povu hudumu zaidi.

Hata hivyo, povu hilo ni zito na huweza kutandaa polepole. Ni lazima lijaribiwe kwa kila aina ya mafuta na kwa vifaa vilivyopo. Aidha, matangi yaliyohifadhi povu la zamani yanapaswa kusafishwa, kwani mabaki yake huchafua povu jipya.

Faida ya povu linalodumu huonekana hata kabla ya moto kuwaka, kwa kuwa hufunika mafuta yaliyomwagika yasitoe mvuke. Lakini povu halimlindi mtu anayechota mafuta hayo. Mlipuko wa lori la mafuta mjini Morogoro, Agosti 2019, uligharimu maisha ya watu zaidi ya 100. Mwananchi anayeona lori la mafuta limepinduka anapaswa kukaa mbali, kutowasha chochote na kupiga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.