MPANDA NGAZI HUSHUKA: LIGI YA PILI NA MAJIRANI ZETU



Mabishano ya soka hapa shuleni huanza na Gor Mahia na AFC Leopards, yakaishia kwa Arsenal na Manchester United. Ligi ya pili nani huitaja? Wengi huiona kama jalala la timu zilizoshindwa. Nia ya makala haya ni kueleza ligi hiyo ni kitu gani, inaendeshwaje, na kwa nini sisi wa Fort Ternan inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuangalie tulipo. Ukipanda upande wa Kericho unalakiwa na majani chai. Ukiteremka na reli kuelekea Kisumu unapita Koru, Muhoroni, kisha Chemelil, nchi ya miwa. Mwaka 2017 pande hizi zilikuwa na timu tatu katika Ligi Kuu ya Kenya kwa wakati mmoja: Zoo ya Kericho, Muhoroni Youth na Chemelil Sugar. Si haba! Lakini kufikia 2021 zote tatu zilikuwa zimeteremka, na kila moja ilitokea mlango wake.

Soka ya nchi ni kama ngazi. Juu kabisa kuna Ligi Kuu. Chini yake ipo Ligi ya Taifa ya Supa, ambayo wengi huiita NSL. Hiyo ndiyo ligi ya pili. Chini yake tena kuna Divisheni ya Kwanza, na kadhalika. Kila timu hukutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Ushindi ni pointi 3, sare pointi 1. Kwa kawaida timu mbili za kwanza katika ligi ya pili hupanda, na mbili za mwisho katika Ligi Kuu hushuka. Kisha ile ya tatu kutoka chini hupigania nafasi yake na ile iliyoshika nambari tatu huku chini. Msimu wa 2019/20 Vihiga United ilipanda kwa njia hiyo, nayo Kisumu All Stars ikashuka.

Mtindo huu si wa Kenya pekee. Kule Poland ligi ya pili huitwa, ajabu, Ligi ya Kwanza, kwa sababu ile ya juu ina jina lake, Ekstraklasa. Ina timu 18, kila moja hucheza mechi 34. Mbili za kwanza hupanda moja kwa moja, na zile za nambari 3 hadi 6 hugombania nafasi moja iliyosalia.

Sasa piga hesabu. Ligi ikiwa na timu 20, kila moja ina mechi 38, na 19 kati ya hizo ni za ugenini. Timu ya Kericho ikienda Mombasa ni zaidi ya kilomita 700, kwenda tu. Kuna wachezaji, makocha na daktari. Kuna mafuta ya gari, chakula na malazi. Na ligi ya pili haina wafadhili wengi wala kamera nyingi za televisheni. Usipofika uwanjani, mwenzako anapewa pointi tatu za bwerere. Ukikosa mara tatu, unafukuzwa. Haya si maneno ya kutishana: mwaka 2019 SoNy Sugar ya Awendo ilitolewa katika Ligi Kuu yenyewe kwa kosa hilo hilo.

Ndiyo maana nasema ligi ya pili si jalala. Ni tanuri. Tazama msimu wa 2016. Mwishoni mwake zilipanda timu nne badala ya mbili, maana Ligi Kuu iliongezwa kutoka timu 16 hadi 18: Nzoia, Kariobangi Sharks, Nakumatt na Zoo yetu. Mwaka uliofuata, mfungaji bora wa Ligi Kuu alikuwa Masoud Juma wa Sharks, kwa mabao 17. Na mchezaji bora wa mwaka? Michael Madoya wa Zoo! Wote wawili walitoka katika timu ambazo mwaka mmoja nyuma zilikuwa ligi ya pili. Mwaka 2019 Sharks hao hao waliishinda Everton ya Uingereza kwa penalti pale Kasarani, baada ya sare ya 1-1. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini wahenga walisema pia kwamba mpanda ngazi hushuka. Muhoroni Youth, iliyokuwa Ligi Kuu tangu 2012, ilimaliza msimu wa 2017 katika nafasi mbili za mwisho. Huo ni mlango wa kawaida: pointi hazikutosha. Nakumatt ilitegemea duka kubwa lenye jina hilo. Duka lilipoyumba, timu ikabadilishwa jina kuwa Mount Kenya United, na mwaka 2019 ikashuka. Chemelil nayo ilitegemea kiwanda cha sukari. Kiwanda kilipolemewa na madeni, timu ikadhoofika, na msimu wa 2019/20, uliokatizwa na korona, ikashuka ikiwa ya mwisho. Huo ni mlango wa mfuko mtupu. Mti mmoja ukiegemewa na wote, ukianguka huanguka na wote.

Mlango wa tatu ndio wa aibu. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa Zoo katika Ligi Kuu na kuamuru ishushwe daraja, kwa sababu ya upangaji wa matokeo ya mechi. Yaani mechi huuzwa kabla ya kuchezwa, ili walioweka pesa zao kwenye kamari wavune. Mwenye kuumia ni nani? Ni shabiki aliyelipa kiingilio, na yule kijana mwingine wa timu aliyekuwa akitoa jasho lake kwa haki. Njia ya mwongo ni fupi.

Wenzangu, baadhi yenu mna vipaji, na huenda kesho mkaichezea timu ya ligi ya pili ambayo haijalipa mshahara kwa miezi miwili. Hapo ndipo mtu atakapokuja na bahasha, akisema ni bao moja tu, nani atajua? Kushuka kwa kukosa pointi hakuna fedheha: unafunga kamba za viatu, unaanza tena. Kushuka kwa kukosa pesa kunasikitisha, ila mfadhili mwingine hupatikana. Lakini aliyeuza jina lake atalinunua wapi?