Kahawa na Damu Yako

Je, wewe hunywa kahawa chungu? Kibiti na vijiji vya Delta ya Rufiji, wengi wanaipenda. Lakini huenda hujauona mti wake.

Mti huo huitwa mbuni. Ni mti mdogo, na haupukutishi majani. Majani yake yanang'aa, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Maua ni meupe, hunukia kama asmini. Tunda huwa la kijani, likiiva huwa jekundu. Ndani mna mbegu mbili. Hizo ndizo buni. Buni hukaushwa, hukaangwa, hutwangwa, kisha huchemshwa.

Asili ya kahawa ya arabika ni misitu ya Ethiopia. Katika karne ya 15 watu wa Yemen walikuwa wakiinywa. Hapa Tanzania arabika hulimwa sehemu za milimani, kama Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga. Hupenda ubaridi. Huku Delta, karibu na bahari, ni joto mno kwake.

Je, kahawa ina ubaya?

Kahawa si sumu. Lakini ina vitu vinavyoshika madini ya chuma yaliyomo katika chakula, yasiingie mwilini. Chai nayo hufanya hivyo. Mwili hutumia chuma kutengeneza damu.

Malaria na minyoo hupunguza damu. Mama mjamzito huhitaji chuma kingi, kwa ajili yake na mtoto. Mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, aweza kufa.

Fanya hivi:

1. Usinywe kahawa wala chai pamoja na chakula. Kunywa saa moja kabla ya kula, au ngoja saa mbili baada ya kula.

2. Vidonge vya kuongeza damu meza kwa maji safi, si kwa kahawa wala chai.

3. Kula dagaa, samaki, kunde na mboga za majani. Kula na embe au chungwa pia. Matunda haya husaidia chuma kuingia mwilini.

4. Usimpe mtoto mdogo kahawa wala chai.

5. Ukiona viganja vimekuwa vyeupe, unachoka upesi na kuhema, nenda zahanati ukapimwe damu. Usingoje.

Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.