Kipimo Kilichokataa

Wanafunzi wetu hapa Rusizi hudhani ugunduzi wa biolojia ya molekuli huanza kwa jibu. Jirani zetu wa Kivu Kusini wanatuonyesha vingine. Kuanzia Septemba 2023 ugonjwa wa mpox ulienea Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu. Kipimo cha jumla kiliviona virusi. Kipimo cha kubainisha ukoo wake kikakataa. Sampuli hazikutupwa. Watafiti walisoma jeni zake, wakakuta kipande kinachotafutwa na kipimo kile hakimo. Huo ulikuwa ukoo mdogo mpya, ulioitwa Ib. Julai 2024 Rwanda nayo ilitangaza wagonjwa wa kwanza wa mpox, nasi twavuka daraja la Bukavu kila siku! Neno “ukoo” tumeliazima kwa wanadamu. Mwenye neno bora atuletee.