Breki Inayokataa Kuachilia

Ukimsikia mtu akilalamika kuhusu breki za gari lake, aghalabu analalamika kwamba hazishiki. Wachache sana hulalamika kwamba zinashika mno. Hata hivyo, breki zina maradhi ya pili, nayo huja kimyakimya: dereva ameondoa mguu kwenye pedali, lakini breki imekataa kuachilia. Mafundi wetu wa hapa Rongai husema kwa ufupi, "Hii gari imejam nyuma." Katika makala haya nitaeleza ugonjwa huo katika magari ya zamani yenye diski kwenye magurudumu ya nyuma, na jinsi ya kumtafuta mkosaji kabla ya kukimbilia duka la spea.

Huenda ukauliza, kwa nini magari ya zamani? Kwa sababu kwetu bado yanatembea. Chukua mfano wa Peugeot 504, gari lililozinduliwa mwaka wa 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Zile ndefu zilizobeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi zilikuwa na breki za ngoma nyuma, lakini saluni nyingi za aina hiyo zilikuwa na diski katika magurudumu yote manne. Ukichungulia nyuma ya rimu za Subaru na Mercedes nyingi zilizozeeka utaona diski vilevile.

Hebu tukumbuke somo la fizikia. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa katika masta silinda, na shinikizo hilo husafiri ndani ya mabomba hadi kwenye kalipa ya kila gurudumu. Huyo ndiye Pascal wetu wa darasani, sasa amelala chini ya gari! Ndani ya kalipa mna pistoni. Pistoni husukuma pedi, nazo pedi huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu.

Sasa, swali ambalo wengi hatujiulizi ni hili: ukiondoa mguu, ni nini kinachoirudisha pistoni? Breki za ngoma zina springi kali za kurudisha viatu vyake. Pistoni ya diski kwa kawaida haina springi ya kuivuta. Inategemea pete moja ya mpira inayoizunguka. Pistoni inapotoka, mpira huo hupindika nayo kidogo. Shinikizo likiisha, mpira hujinyoosha na kuivuta pistoni kwa sehemu ndogo ya milimita. Basi! Nafasi yenyewe haipitishi hata ukucha. Ndiyo maana kutu kidogo au tope lililokauka hutosha kuushinda mpira ule, na pedi zikabaki zinasugua diski safari nzima.

Breki za nyuma huugua hivi kwa urahisi. Gari likifunga breki, uzito huegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa na kujisafisha kwa kusuguana. Za nyuma hufanya kazi nyepesi, huku zikipokea vumbi letu la kiangazi na matope ya masika. Juu ya hayo, zimebebeshwa handibreki. Katika magari mengine waya wa handibreki huvuta mkono ulio kwenye kalipa yenyewe. Katika mengine huvuta viatu vidogo vilivyofichwa ndani ya kitovu cha diski. Vyovyote vile, hapo pana vyuma vingi vya kushikwa na kutu.

Dalili zake ni hizi. Gari huwa zito, na ukiondoa mguu kwenye mafuta halitelezi mbele kama zamani. Petroli huisha upesi. Panakuwa na harufu ya kuungua. Endesha kilomita chache mahali tambarare bila kukanyaga breki sana, kisha simama polepole na usogeze kiganja karibu na kila rimu. Usiiguse diski, itakuchoma! Gurudumu moja la nyuma likiwa na joto kuliko mwenzake, ugonjwa uko upande huo. Yote mawili yakiwa moto, shuku kwanza vitu vinavyoshirikiwa: waya wa handibreki uliokazwa kupita kiasi, au masta silinda.

Joto hilo si jambo la mzaha. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selisiasi. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na kipimo chake yakishanyonya ni nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika kwa urahisi, tofauti na kiowevu. Pedali huzama hadi sakafuni. Yaani breki iliyokuwa ikishika mno sasa haishiki kabisa. Fikiria hali hiyo imkute mtu akiteremka kutoka Sachangwan kuja Salgaa, malori yakiwa mbele na nyuma yake.

Sasa tuingie kazini. Egesha gari mahali tambarare, weka mawe imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, toa gia, achilia handibreki. Inua nyuma kwa jeki, kisha likalishe gari juu ya vigingi vya chuma, kwa maana jeki si ya kuaminiwa. Mwombe mwenzako akanyage pedali na kuachilia, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Mchakacho mwepesi ni wa kawaida. Likikataa kuzunguka, anza kuuliza maswali.

Kwanza, legeza waya wa handibreki. Gurudumu likifunguka, kosa ni la waya au la mkono unaovutwa na waya huo. Likibaki limeshikwa, fungua kidogo ile skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa. Hapa ndipo penye utamu wa uchunguzi wote. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachilia papo hapo, ujue kalipa haina makosa. Kuna shinikizo lililofungiwa ndani na kitu kilicho nyuma yake. Gurudumu lisipoachilia hata baada ya skrubu kufunguliwa, kosa ni la vyuma: pistoni yenye kutu, pedi zilizokwama mahali pake, au zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Toa pedi uzitazame. Moja ikiwa imelika sana kuliko mwenzake, anza na pini. Na ukirudisha pistoni, kuwa mwangalifu: katika kalipa nyingi zenye handibreki ndani, pistoni huzungushwa huku ikisukumwa. Ukiibana kwa nguvu tu utaivunja.

Kuna dawa mbili za njiani ninazozipinga kabisa. Ya kwanza ni kuziba bomba la gurudumu lililojam ili mwenye gari "afike nyumbani". Atafika na breki za magurudumu matatu, na siku atakapofunga ghafla gari litavutwa upande. Ya pili ni kujazia oili ya injini katika kikopo cha mafuta ya breki. Oili hiyo huvimbisha mipira, na mpira uliovimba hauwezi kuirudisha pistoni.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alikuwa amebadilishiwa pedi za nyuma mara mbili katika saluni yake, na bado gurudumu la kulia lilikuwa linawaka moto. Fundi wa tatu, kijana tu, hakugusa spea yoyote kwanza. Alilegeza waya, wapi! Akafungua skrubu, mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka.

"Mwalimu, kalipa yako iko sawa," akasema. "Shida ni huu mpira."

"Lakini mpira hauvuji, kijana wangu."

"Hauvuji, mzee, lakini umeziba ndani. Mguu una nguvu ya kupitisha mafuta. Yakitaka kurudi hayana wa kuyasukuma."

Mpira mpya ulipofungwa, hewa ikatolewa na gurudumu likapoa kama wenzake, yule kijana aliupasua ule wa zamani kwa kisu mbele yetu. Nje ulikuwa mzima, mweusi, hauna hata ufa. Ndani ulikuwa umevimba hata spoki ya baiskeli ilipita kwa shida.