Mkono na Ulimi wa Muuguzi

Wako wengi miongoni mwa wasomaji wetu walio na kijana katika chuo cha uuguzi, au walio na nia ya kumpeleka. Na mara nyingi twasikia wazee wakiuliza kwa hofu, "Je, mwanangu hatapata ukimwi huko wodini?" Swali hili ni la haki, wala si vema kumcheka aulizaye. Basi twapenda kueleza mambo wafundishwayo vijana hao, na jinsi mafunzo yao yanavyozihusu nyumba zetu pia.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza katika Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa kutoka Uganda, maana hawakujua asili yake. Siku zile muuguzi hakuwa na dawa ya kuzuia virusi. Aliweza kuosha, kulisha na kufariji tu. Leo sivyo. Tangu mwaka 2004 dawa hizo hutolewa bure katika Tanzania. Tena mwaka 2013 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba wauguzi waliofundishwa waweze wenyewe kuwaanzishia wagonjwa dawa. Kazi iliyokuwa ya daktari imemfikia muuguzi, kwa hiyo hana budi kuijua barabara.

Jambo la kwanza ni mkono. Mwanafunzi hufundishwa kujikinga na damu ya kila mtu sawasawa, ya tajiri na maskini, ya mzee na mtoto mchanga, maana uso hauonyeshi yaliyomo katika damu. Sindano iliyokwisha kutumika hairudishiwi kifuniko chake, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujichoma. Hutupwa mara moja katika kisanduku kigumu kisichopenyeka. Na akichomwa, asione haya kusema. Huosha mahali pale kwa maji mengi na sabuni, pasipo kupakamua, kisha hutoa habari saa ile ile. Dawa za kinga yafaa zianzwe upesi, kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa siku 28.

Wazazi na wajue hesabu hii: katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi, wapata 3 tu huambukizwa, hata pasipo dawa za kinga. Homa ya ini ya aina ya B huambukiza kwa sindano kwa urahisi zaidi. Lakini hiyo ina chanjo, nayo mwanafunzi yampasa aipate kabla ya kuingia wodini.

Jambo la pili, lililo gumu zaidi, ni ulimi. Wanafunzi hukaa wawili wawili, mmoja akijifanya mgonjwa na mwenziwe muuguzi, ili wajifunze kusikiliza kabla ya kushauri. Hufundishwa wasiulize, "Uliupata wapi?" Hufundishwa waache neno "mwathirika", waseme "mtu anayeishi na virusi". Hufundishwa kueleza njia za kinga pasipo kuficha: uaminifu, kondomu, tohara, na dawa za kinga kwa walio katika hatari kubwa.

Mtu aweza kudhani kwamba haya ni mambo ya adabu tu. Sivyo. Fikirini habari ya mama mja mzito aliyepimwa akaonekana ana virusi. Katika watoto 100 wa akina mama wasiopata dawa, kati ya 15 na 45 huambukizwa, tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Mama amezapo dawa kila siku, hawafiki 5. Lakini dawa hiyo si ya siku moja. Yampasa arudi kliniki mara kwa mara, na mtoto apimwe afikapo majuma 6 hivi. Neno moja la dharau, au jina lake kutajwa kwa sauti mbele ya jirani, latosha kumfanya asionekane tena. Na mtoto ndiye alipaye.

Tena muuguzi ana habari njema ya kutoa, ambayo nyumba nyingi hazijaisikia. Mtu amezaye dawa vema, hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Utafiti uliofanywa katika nchi za Ulaya, na matokeo yake kutolewa mwaka 2016 na mwaka 2019, haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wa namna hiyo.

Sasa twaja katika nyumba zetu. Sheria ya Ukimwi ya Tanzania ya mwaka 2008 yaamuru siri ya aliyepimwa itunzwe, na mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba yaliyo ya mgonjwa hayatoki wodini. Lakini kijana arudipo likizo, ndugu humzunguka. "Eti fulani huja kliniki yenu?" auliza shangazi, au mama mwenyewe. Ni vigumu kwa kijana kumnyima mzee jibu, maana tumemlea katika kutii. Basi tusimtege kwa maswali hayo. Na akinyamaza, tusimwite mwenye kiburi. Ametimiza kazi yake.

Nanyi waalimu, mnapowashauri vijana juu ya kazi hii, tazameni alama zao za Baiolojia na Kemia, maana chuo huzitaka. Lakini tazameni pia ni nani darasani anayeambiwa neno la siri na wenziwe, nalo lisisikike tena mahali pengine. Huyo mwambieni habari za uuguzi.